Mbio, Jaribio na Rali: Istilahi za Kuandikia Historia ya Mashindano ya Magari Makongwe

UTANGULIZI

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1967, kazi kubwa ya kusanifu istilahi imeelekezwa katika fani za utawala, sheria, elimu na sayansi. Jambo hilo ni la haki, kwani taifa haliwezi kuendesha shughuli zake bila majina. Hata hivyo zipo fani ndogo ambazo hazijapata mtu wa kuzishughulikia, na mojawapo ni historia ya mashindano ya magari.

Pengine msomaji ataona kwamba fani hii ni ya anasa. Sivyo. Historia ya mashindano ya magari katika Afrika ya Mashariki ni sehemu ya historia ya barabara zetu, ya mafundi wetu, na ya wanavijiji waliotoka na majembe na kamba kuyakwamua magari yaliyozama matopeni. Karatasi za historia hiyo zimeandikwa karibu zote kwa Kiingereza, hali kumbukumbu zake nyingi zimo vichwani mwa wazee wasemao Kiswahili na lugha za makabila. Wazee hao wanazidi kupungua kila mwaka. Mtu anayetaka kuziunganisha karatasi na kumbukumbu hana budi kutafsiri. Na tafsiri isiyotofautisha mambo yaliyo tofauti huharibu ushahidi badala ya kuuhifadhi. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha mahali ambapo tafsiri huenda kombo, kisha tutatoa mapendekezo.

MAMBO MATATU YANAYOITWA JINA MOJA

Katika magazeti na redio zetu, kila shindano la magari huitwa mbio. Neno hilo ni zuri, lakini linabeba maana moja tu: kwamba anayefika kwanza ndiye mshindi. Kwa kweli mashindano ya magari yako ya aina tatu.

Aina ya kwanza ni mbio zenyewe. Magari huondoka pamoja na kuzunguka katika njia iliyofungwa, na la mbele ndilo lililoshinda. Hapa hapana shida.

Aina ya pili ni shindano la kupima kama gari na dereva wake wanaweza kufanya jambo fulani, wala si kwa kasi gani wanalifanya. Mwaka 1900 magari yalizungushwa Uingereza kwa umbali wa maili 1,000 ili kuwaonyesha wananchi, ambao wengi wao hawakuwa wamepata kuliona gari, kwamba chombo hicho kipya kinaweza kutegemewa. Baadaye chama cha waendesha pikipiki kilichoundwa nchini humo mwaka 1901 kilianzisha mashindano ya kupanda vilima vyenye mawe na matope. Shindano lake la kwenda Land's End lilianza mwaka 1908, na mashindano ya namna hiyo yangali yakifanyika, magari makongwe yakiwa miongoni mwa yanayoshiriki. Sharti lake ni moja: gari likwee kilima bila kusimama. Likisimama, limeshindwa, likikwea polepole kama kobe, limefaulu. Kila aliyetimiza kiasi kilichowekwa hupewa nishani yake, na hapana haja ya kumtafuta mshindi mmoja. Mfasiri anayeliita shindano hili mbio amesema kinyume cha jambo lenyewe.

Neno la Kiingereza linalotumiwa kwa aina hii hutumiwa pia kwa kesi mahakamani, na kwa majaribio ya dawa au ya mashine. Kwa Kiswahili neno lililo karibu zaidi ni jaribio. Ni kweli kwamba watumishi wa serikali wanalijua kwa maana nyingine, yaani kipindi cha majaribio kazini. Lakini maana hizo mbili ni ndugu, kwa kuwa katika zote mbili anayejaribiwa hutazamwa kama anafaa, wala hashindanishwi na mwenzake. Kwa hiyo twaona kwamba jaribio linafaa, mradi lifuatwe na maneno ya kulifafanua: jaribio la ustahimilivu kwa safari ndefu, na jaribio la mikweo kwa kupanda vilima.

Nchi yetu ina mfano wake wa kale wa jaribio la ustahimilivu. Tarehe 10 Agosti, 1907, Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari, akakusudia kuvuka Afrika hadi pwani ya magharibi. Alifika Swakopmund tarehe 1 Mei, 1909. Hakuwa na mpinzani wala saa ya kumhesabia. Aliyeshindana naye ni bara lenyewe.

Aina ya tatu ni rali. Magari huondoka moja baada ya jingine kwa nafasi ya dakika kadhaa, hupita katika barabara za kawaida, na hutakiwa kufika katika kila kituo kwa wakati uliowekwa. Kila dakika ya kuchelewa ni alama ya adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye mshindi, hata kama si yeye aliyefika mjini kwanza. Neno la Kiingereza la aina hii lina pia maana ya mkutano wa siasa wa hadhara, kwa hiyo mfasiri anayetegemea kamusi peke yake aweza kuyageuza mashindano kuwa mkutano. Neno rali limekwisha kuzoeleka masikioni mwa wapenzi wa mchezo huu, nalo halina maana nyingine ya kuchanganya. Lafaa likubaliwe.

SHINDANO LA SAFARI NA TAABU YA KULITAFSIRI

Umuhimu wa tofauti hizi waonekana tunapofika kwenye shindano kubwa la eneo letu. Lilifanyika mara ya kwanza tangu tarehe 27 Mei hadi tarehe 1 Juni, 1953, katika Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Mwaka 1960 liliitwa Safari ya Afrika Mashariki, na mwaka 1973 likaingizwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia.

Katika shindano la kwanza magari yaligawanywa katika madaraja kwa kufuata bei zake dukani, wala si ukubwa wa injini. Maana yake ni kwamba watungaji wa shindano walitaka kumjulisha mnunuzi ni gari lipi la bei yake linaloweza kustahimili barabara za hapa. Hilo ni jaribio kwa roho yake, ingawa lilipimwa kwa saa kama rali. Mwaka 1958 hapakuwa na mshindi wa jumla. Palikuwa na washindi wa madaraja matatu, nayo madaraja yaliitwa kwa majina ya wanyama: Simba, Chui na Swala Pala. Mfasiri anayeandika kwamba fulani alishinda mbio za mwaka 1958 amemwongezea mtu huyo cheo ambacho hakupewa, na amewanyang'anya wenzake wawili haki yao.

Tuchukue mfano wa pili. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na alama sawa za adhabu. Mehta alipewa ushindi kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Habari hii ikiandikwa kwa msamiati wa mbio haieleweki hata kidogo, kwani katika mbio wawili wakifika pamoja hutazamwa nani alitangulia mwishoni. Hapa kilichotazamwa ni nani alikosea mapema.

Mfano wa tatu ni wa wale walioshindwa. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 vilevile. Kwa hesabu hizo, kumaliza kwenyewe kulikuwa ushindi, na kwa lugha ya jaribio wote saba walifaulu. Msomaji aliyezoea neno mbio atadhani kwamba aliyekuwa wa saba alikuwa wa mwisho kwa uzembe.

Jina la shindano nalo lina mtego wake. Neno safari ni letu, lililotoka katika Kiarabu karne nyingi zilizopita. Waingereza walilichukua, wakaliwekea maana ya matembezi ya kuwinda, kisha likarudi kwetu likiwa jina la shindano. Kwa hiyo Mswahili akisikia "gari la safari" huwaza basi la abiria. Katika maandishi herufi kubwa yatosha kutofautisha, lakini katika mahojiano herufi haisikiki. Twashauri mwulizaji atamke kwa ukamilifu: shindano la Safari.

Tena yafaa kukumbuka kwamba jambo lenyewe limebadilika. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, shindano lilibaki Kenya. Liliacha kuwamo katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, likarudi mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, na sasa madereva hupimwa kwa kasi katika vipande vifupi vya njia vilivyofungwa. Kwa shindano la leo, neno mbio halikosi ukweli. Kwa lile la mwaka 1953, linapotosha. Istilahi lazima ifuate wakati wa jambo linaloelezwa.

GARI KONGWE NA GARI KUUKUU

Mwaka 2003, miaka 50 baada ya shindano la kwanza, yalianzishwa mashindano ya magari ya aina za zamani kwa kufuata mtindo wa Safari ya awali. Baadhi yake yamepita Kenya na Tanzania. Hapo ndipo swali la sifa linapotokea: gari la namna hii tuliiteje?

Kiswahili kina sifa nne zinazokaribiana, na kila moja ina uzito wake. Kuukuu ni kitu kilichochakaa kwa kutumiwa. Mkweche ni gari bovu linalokwenda kwa dua, na jina hilo lina dharau au utani ndani yake. Kale hueleza zama zilizopita, wala haisemi kama kitu kingali kizima. Kongwe ni kilichoishi muda mrefu na kwa sababu hiyo chastahili heshima. Ndivyo tunavyosema juu ya mwalimu mkongwe au chama kikongwe. Gari linalohifadhiwa kwa sababu ya umri wake na historia yake ni gari kongwe. Mwandishi anayeliita gari kuukuu amelipeleka kwenye lundo la vyuma chakavu, na huko ndiko magari mengi ya historia yetu yalikoishia, kwa kukosa mtu wa kuyaita kwa jina jingine.

USHAHIDI WA MASUMBWE

Istilahi za fani hii hazitapatikana zote katika maktaba. Nyingine ziko kando ya barabara. Masumbwe, penye barabara itokayo Kahama kwenda Ushirombo na kuendelea hadi mpaka wa Rwanda, ni mahali pazuri pa kuzitafuta. Hatudai kwamba magari ya Safari yalipita hapo. Tunachosema ni kwamba udongo uliowashinda madereva wa Safari ni ndugu wa udongo ambao wenyeji wa Shinyanga na Geita wamepambana nao kwa miaka mingi, wakiendesha malori ya pamba na ya machimbo.

Vitabu vya Kiingereza juu ya Safari hutaja mara kwa mara udongo mweusi ambao jina lake, likitafsiriwa neno kwa neno, huwa "udongo mweusi wa pamba". Maneno hayo hayamwelezi chochote msomaji wa Kiswahili. Lakini Wasukuma wanaujua udongo huo na wanauita mbuga: ni ule wa mabondeni, unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha huvimba na kugandamana na magurudumu hadi yasizunguke. Wanautofautisha na luseni, udongo wa kichanga, na ibambasi, udongo mgumu usiopitisha maji. Mkulima wa huko hulima mpunga katika mbuga na viazi katika luseni, wala hawezi kuvichanganya.

Tatizo ni kwamba katika Kiswahili sanifu mbuga ni uwanda wa nyasi, na kwa watu wengi wa mijini ni hifadhi ya wanyama. Mzee wa Masumbwe akisema, "Gari lilinasa mbugani," karani wa Dar es Salaam ataandika kwamba gari liliharibika miongoni mwa pundamilia. Hili si jambo la kuchekesha tu. Ushahidi juu ya hali ya barabara, majira ya mvua na sababu ya gari kukwama umepotea katika neno moja. Kwa sababu hiyo twapendekeza istilahi udongo wa mbuga, yaani jina la wenyeji pamoja na neno la kulifafanua, badala ya tafsiri ya pamba.

Mwalimu mmoja wa huko alitueleza jinsi wanafunzi wake walivyokwenda kuwahoji madereva wastaafu. Swali lao la kwanza lilikuwa kama wazee hao waliwahi kushiriki mbio za magari. Wote wakajibu hapana, na mazungumzo yakaishia hapo. Juma lililofuata wakabadili swali, wakauliza: "Mzee, gari likinasa masika mlilikwamuaje?" Wakasikilizwa mchana kutwa. Walijifunza kwamba gari likititia hupigwa jeki juu ya ubao, likiteleza hufungwa minyororo magurudumuni, na kwamba utingo hodari alikuwa na thamani kuliko springi mpya. Haya ndiyo maarifa ya jaribio la ustahimilivu, ingawa wenyewe hawakuliita shindano wala hawakupewa nishani.

Lugha ya gereji nayo ina hazina yake: difu, giaboksi, chesesi, ekseli, shokapu, kabureta. Baadhi ya wasomi huyatazama maneno haya kwa jicho la dharau kwa kuwa ni ya mkopo. Sisi twaona yaachwe. Yamezoeleka nchini kote, yanafuata matamshi yetu, na kumlazimisha fundi atumie neno jipya katika kumbukumbu zake ni kumtia maneno ya mtu mwingine kinywani.

KANUNI ZA KUKUSANYA NA KUHIFADHI

Kutokana na hayo, twatoa kanuni chache kwa walimu, watafsiri na watunza nyaraka.

Kwanza, andika neno la msemaji kama alivyolitamka kabla ya kulisanifu au kulitafsiri. Usanifu ni kazi ya baadaye. Neno likipotea siku ya mahojiano halirudi.

Pili, usimwulize mzee mwaka, mwulize tukio. Uhuru wa mwaka 1961, Azimio la Arusha la mwaka 1967, kuhamia vijijini katika miaka ya 1970, na Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 ni vigingi ambavyo watu wengi huvikumbuka.

Tatu, zingatia mabadiliko ya mipaka. Masumbwe sasa imo katika Wilaya ya Mbogwe, Mkoa wa Geita, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Zamani ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Anayetafuta majalada ya zamani ya barabara zake chini ya jina la Geita atarudi mikono mitupu. Aanzie Kahama na Shinyanga.

Nne, tofautisha kuhifadhi, kukarabati na kunakili. Gari lililohifadhiwa limebaki na vyuma vyake. Lililokarabatiwa limebadilishwa baadhi. Nakala imejengwa upya kwa mfano wa jingine. Maneno haya matatu yakichanganywa katika cheti au katika kibao cha makumbusho, mnunuzi hudanganywa na historia hughushiwa. Namba ya chesesi na namba ya injini ziandikwe daima.

Tano, usidharau karatasi ndogo. Kadi ya muda, daftari la njia, kibao cha namba ya mshiriki, stakabadhi ya petroli na picha yenye maandishi nyuma ni ushahidi sawa na gazeti. Mwenye navyo ashauriwe avipeleke, au nakala zake, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

ISTILAHI ZINAZOPENDEKEZWA

Mbio za magari: shindano ambalo anayetangulia kufika ndiye mshindi.

Jaribio la magari: shindano la kupima uwezo wa gari na dereva, si kasi yao.

Jaribio la ustahimilivu: jaribio la safari ndefu.

Jaribio la mikweo: jaribio la kupanda vilima bila kusimama.

Rali: shindano la kufika vituoni kwa wakati uliowekwa katika barabara za kawaida.

Kituo cha muda: mahali ambapo wakati wa kufika huandikwa katika kadi ya mshiriki.

Alama ya adhabu: hesabu anayoongezewa mshiriki kwa kuchelewa au kuvunja sharti.

Mshindi wa jumla. Mshindi wa daraja: wa kwanza miongoni mwa wote. Wa kwanza katika kundi lake.

Msoma ramani: mwenzi wa dereva anayemwongoza njia. Neno hili limekwisha kutumiwa na magazeti yetu, nalo lathibitishwa tu.

Sehemu ya uangalizi: kipande cha njia ambapo mwangalizi hutazama kama gari limesimama.

Gari kongwe: gari linalohifadhiwa kwa sababu ya umri na historia yake.

Udongo wa mbuga: udongo mweusi wa mabondeni unaovimba kwa mvua.

HITIMISHO

Mapendekezo haya si amri. Istilahi huishi kwa kutumiwa, na mahakama yake ya mwisho ni wasemaji. Walimu wa mikoa ya Shinyanga na Geita wanaombwa hasa watuletee majina mengine ya udongo, ya hali za barabara na ya namna za kukwamua magari, pamoja na mahali yanapotumiwa na umri wa aliyeyasema. Watafsiri nao wanaombwa watueleze ni wapi istilahi zilizopendekezwa hapa zimewakwamisha. Kila jina litakaloletwa na kuthibitishwa litaorodheshwa pamoja na mahali lilikotoka, ili atakayeandika historia hiyo baadaye ajue mzee alisema nini, na sisi tuliongeza nini.